Tangi la maji ya bahari Lubumbashi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu nitrati, fosfati na maji yanayochafuka

Tunaofuga samaki wa bahari hapa Lubumbashi hatuko wengi, na maswali yetu ni yaleyale mwaka hadi mwaka. Vitabu na video nyingi zimetengenezwa na watu wenye umeme usiokatika na duka la chumvi mtaa wa pili. Majibu haya ni kwa ajili ya mtu wa Kampemba, Bel-Air au Katuba anayehesabu kila kilo ya chumvi iliyopita mpakani Kasumbalesa, na anayetaka samaki wake waishi miaka, si miezi.

Maji yangu yanaonekana safi kabisa. Kwa nini nisumbuke kupima?

Kwa sababu unachokiona ni chembe zinazoelea, na kinachoua au kudhoofisha viumbe wako kimeyeyuka. Amonia, nitriti, nitrati na fosfati hazina rangi hata kidogo. Tangi linaweza kung'aa likiwa na nitrati 100 mg/l, na matumbawe ndani yake yakawa yanafifia polepole bila wewe kujua sababu. Kinyume chake pia hutokea: maji yana ukungu kwa siku mbili na hakuna kiumbe aliyedhurika. Usafi wa macho na usafi wa kemia ni mambo mawili, na kila kimoja kina dawa yake.

Nunua kwanza vipimo vya nitrati na fosfati vinavyosema wazi kwamba vinafaa kwa maji ya bahari. Angalia tarehe ya mwisho kabla ya kulipa, maana chupa hizi hukaa muda mrefu njiani na madukani.

Nitrati na fosfati zinatoka wapi hasa?

Kwenye mkono wako, unapolisha. Nawaomba watu wapige hesabu hii wenyewe, kwa sababu wakishaipiga hubadilika.

Chukua chakula kikavu chenye protini 45%. Ili kupata naitrojeni iliyomo, gawa protini kwa 6.25. Gramu 1 ya chakula ina gramu 0.45 za protini, yaani kama gramu 0.072 za naitrojeni. Samaki mzima aliyekwisha kukua huhifadhi kidogo tu mwilini. Kilichobaki hutoka kama amonia kupitia mashavu na kinyesi. Bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Naitrojeni yote ikifika mwisho wa safari hiyo, gramu 1 ya chakula imezaa kama miligramu 320 za nitrati. Katika tangi la lita 200 hiyo ni 1.6 mg/l. Kila siku kwa mwezi mzima, bila kitu kuondolewa: karibu 48 mg/l.

Fosfati ni vivyo hivyo. Chakula chenye fosforasi 1% huacha kama miligramu 30 za fosfati kwa gramu, yaani 0.15 mg/l katika tangi lilelile. Kumbuka kwamba lengo la tangi la matumbawe ni kubaki chini ya 0.1. Chakula kidogo kisicholiwa kina uzito kuliko kinavyoonekana.

Ndiyo maana msimamo wangu ni huu: kwetu sisi, kupunguza kinachoingia ni nafuu kuliko kutoa kilichokwisha kuingia. Kutoa kunataka chumvi, maji ya osmosi (yaliyosukumwa kupitia utando unaochuja hata vilivyoyeyuka), umeme na vifaa vya dola. Kupunguza kunataka uangalifu tu. Lisha kidogo mara mbili kwa siku, na kila mara chakula kiishe ndani ya dakika moja au mbili. Chakula kilichogandishwa kiyeyushe kwanza katika kikombe, umwage yale maji yake, kisha utie nyama peke yake.

Viwango vinavyofaa ni vipi?

Tangi la samaki peke yao huvumilia nitrati hadi 40 mg/l, ingawa ningependa ibaki chini ya hapo. Matumbawe laini hupendeza kati ya 5 na 20. Matumbawe magumu yenye matawi yanataka 2 hadi 10, na fosfati kati ya 0.03 na 0.1 mg/l. Amonia na nitriti lazima zisomeke sifuri katika tangi lililokomaa, bila mjadala.

Usikimbilie sifuri kwa nitrati na fosfati. Matumbawe yanazihitaji, na tangi lisilo nazo kabisa mara nyingi huvamiwa na dinoflajelati, ule utando wa kahawia unaonata wenye mapovu ya hewa, ambao ni mgumu kuuondoa kuliko mwani wowote. Wengine huuliza kuhusu uwiano wa Redfield. Alfred Redfield, mwanasayansi wa bahari wa Marekani, alionyesha mwaka 1934 kwamba viumbe vidogo vya baharini vina kaboni, naitrojeni na fosforasi kwa uwiano unaokaribiana. Leo unaandikwa 106:16:1. Ni habari ya miili ya planktoni katika bahari kuu. Haikuwa kamwe agizo la namna ya kuendesha tangi la sebuleni, kwa hiyo usimimine kemikali ili tu namba zako zifanane nayo.

Jambo moja la kuangalia kwenye karatasi ya kipimo: vipimo vingine husoma naitrojeni ya nitrati, si nitrati yenyewe. Hapo zidisha kwa 4.43. Mtu anayesoma 10 akafurahi anaweza kuwa na 44.

Kipimo kinasema sifuri, lakini mwani umejaa kila mahali. Kipimo ni kibovu?

Huenda ni kizima. Kinapima kilichobaki majini, na mwani wako umekwisha kula sehemu yake. Ung'oe kwa mkono, utoe nje ya tangi, halafu pima tena baada ya siku chache. Fosfati pia hujishikiza kwenye mawe na mchanga wa kalsiamu, na hurudi majini pole pole unapoishusha. Ukiona fosfati imepanda tena siku tatu baada ya kuishusha, mawe ndiyo yanayoirudisha. Endelea kidogo kidogo, itaisha.

Nitumie maji ya robine (bomba) ya Regideso, shirika la maji, ya foraji (kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine), au ya mvua?

Kwa tangi la bahari: hakuna hata moja kati ya hayo bila kusafishwa.

Maji ya robine yana klorini, na baada ya mkatizo wa muda mrefu mara nyingi hutoka na tope. Foraji nyingi hapa zinapita kwenye miamba ya dolomiti, kwa hiyo maji yake ni mazito kwa kalsiamu na magnesiamu. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni shaba. Tunakaa juu ya ukanda wa shaba na kobalti, katikati ya migodi na viwanda vya kuyeyusha. Binadamu anaweza kunywa maji yenye shaba kidogo bila shida; kamba, konokono na matumbawe hufa kwa kiwango hicho. Kama shimo lako liko karibu na eneo la uchimbaji, usibahatishe. Mvua nayo huteleza juu ya mabati yenye zinki na vumbi la miezi yote ya kiangazi, na mvua za kwanza ndizo chafu kuliko zote.

Suluhisho ni mashine ya osmosi yenye chujio la tope, chujio la kaboni, utando wenyewe, na mwishoni resini. Kipimo cha TDS, yaani cha vitu vilivyoyeyuka majini, kisome 0 kwenye maji yanayotoka. Kikianza kusoma 2 au 3, resini imechoka, na hapo ndipo watu wengi huanza kulalamika kuhusu mwani bila kuelewa umetoka wapi. Utando unahitaji msukumo wa bari 3 au zaidi, ambao mitaa mingi haina, kwa hiyo panga pia pesa ya pampu ndogo ya kuongeza msukumo. Kwa kila lita safi, lita tatu au nne hutupwa. Hayo yaliyotupwa si machafu: kusanya kwenye bidoni, fua nguo, osha gari.

Na maji yanayopungua kwa mvuke kila siku yajazwe kwa maji haya safi yasiyo na chumvi. Chumvi haitoki na mvuke. Ukijaza kwa maji ya chumvi, tangi linazidi kukolea wiki hadi wiki.

Naweza kupamba tangi kwa malakiti? Au kwa msalaba wa Katanga?

Hapana, hata kwa siku moja. Swali hili naulizwa sana, na ninaelewa kwa nini: jiwe la kijani lililong'arishwa ni fahari yetu, na chini ya taa ya bluu lingependeza. Lakini malakiti ni kaboneti ya shaba, na msalaba ni shaba tupu. Maji ya chumvi yataila pole pole. Kamba watakufa kwanza, kisha konokono, kisha matumbawe, na mawe ya tangi yatanyonya shaba na kuirudisha kwa muda mrefu hata baada ya kuondoa pambo. Weka malakiti juu ya kabati, kando ya tangi.

Kwa sababu hiyohiyo, dawa za samaki zenye shaba zitumike kwenye tangi la karantini peke yake. Na mchanga wa mito ya hapa usiingie kabisa. Tumia mchanga wa aragoniti.

Chumvi ya jikoni ni rahisi. Kwa nini nisiitumie?

Kwa sababu ni sodiamu kloridi, iodini kidogo na dawa ya kuzuia isigande, basi. Maji ya bahari yana kalsiamu kama 420 mg/l, magnesiamu karibu 1,300 mg/l, na kaboneti zinazoshikilia pH. Samaki watayumba, matumbawe hayatajenga mifupa. Chumvi ya akwariamu huchanganywa takriban gramu 37 kwa lita, yaani kama gramu 740 kwa bidoni la lita 20, hadi kufikia sehemu 35 kwa elfu, au uzito mahususi wa 1.025 hadi 1.026 kwa joto la digrii 25. Tumia rifraktomita uliyoisahihisha. Mkono haupimi chumvi.

Maji yamegeuka meupe ghafla. Nifanye nini?

Kwanza usibadilishe maji yote. Tazama ni weupe wa aina gani, kwa sababu kuna angalau aina nne na tiba zake zinapingana.

Kama umeweka mchanga mpya jana, ni vumbi la mchanga. Washa pampu, weka sufi safi kwenye chujio, ibadilishe kila siku. Litatulia.

Kama weupe unafanana na maziwa na umetokea baada ya kulisha sana, kufa kwa samaki aliyejificha nyuma ya mawe, au kumimina dawa, hao ni bakteria waliolipuka. Wao wenyewe hawana sumu, lakini wanakula oksijeni. Samaki wakipanda juu kuhema, una saa chache, si siku. Ongeza hewa mara moja, elekeza pampu ipasue uso wa maji, punguza au simamisha chakula, tafuta mzoga. Pima amonia. Taa ya UV inasaidia hapa.

Kama ni kama theluji laini na umeongeza kalsiamu au kitu cha kupandisha alikaliniti (uwezo wa maji kushikilia pH) muda mfupi kabla, hiyo ni kaboneti ya kalsiamu iliyoganda majini. Acha kuongeza chochote. Pima kalsiamu na alikaliniti. Zote zitakuwa zimeshuka. Usijaribu kuzipandisha siku hiyohiyo.

Na kama umetumia lanthani kloridi kushusha fosfati, weupe ndio kazi yake: inashika fosfati na kuwa unga. Unga huo lazima ukamatwe na mfuko wa chujio laini sana kabla haujafika kwa samaki, hasa kangaja, ambao huudhiwa nao vibaya. Ni dawa ya kudondosha matone kwa saa nyingi. Ukiimimina kwa mkupuo utajuta. Kwa mtu anayeanza ningeshauri chembe za oksidi ya chuma ndani ya kichujio chake, kiasi kidogo, kwa sababu si rahisi kukosea nazo haraka.

Maji ya kijani ni jambo jingine: ni mwani mdogo unaoelea. Funika tangi gizani siku mbili tatu ukiendelea kupuliza hewa, au tumia UV, kisha rudi kwenye hesabu ya chakula.

Maji ni ya njano kidogo nikiyatazama ubavuni. Makala (makaa) ya kupikia yanaweza kuyasafisha?

Ile rangi ni mabaki ya viumbe na mwani yaliyoyeyuka, na tiba yake kweli ni kaboni. Lakini makala ya sokoni siyo kaboni amilifu. Kaboni amilifu imechomwa kwa mvuke au kemikali hadi ikawa na vitundu visivyohesabika. Makala ya mbabula, jiko letu la makaa, hayana uso huo, na yana majivu yanayopandisha pH na kuleta fosfati. Nunua kaboni amilifu iliyokusudiwa akwariamu, ioshe kwa maji ya osmosi hadi vumbi jeusi liishe, ibadilishe kila wiki tatu au nne. Njia nyepesi ya kupima rangi: tia maji ya tangi ndani ya ndoo nyeupe, uyalinganishe na maji mapya ya chumvi kwenye ndoo ya pili.

Mbabula yenyewe isiwake ndani ya chumba cha tangi. Hewa yenye kaboni dioksidi nyingi hushusha pH ya maji, na moshi wake ni hatari kwenu nyinyi wenyewe kabla ya samaki.

Delestaji (mgao wa umeme) inakata umeme saa nyingi. Inahusiana vipi na nitrati?

Inahusiana sana, na kwetu tatizo hili lina uzito wa ziada kwa sababu ya mwinuko. Lubumbashi iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa ni kama 87% ya lile la pwani. Maji ya bahari yenye joto la digrii 25 hushika kama 6.7 mg/l ya oksijeni pwani. Hapa yanashika kama 5.8, hata pampu zote zikiwaka. Samaki wa Mombasa na samaki wa sebule yako hawaanzi na akiba moja.

Umeme ukikatika, bakteria wa kwenye mawe na kichujio wanaendelea kupumua, samaki pia, na hakuna kinachorudisha hewa. Kichujio kilichofungwa cha nje ndicho kibaya kuliko vyote: maji yaliyolala ndani yake huishiwa oksijeni, bakteria hufa, amonia hujaa. Umeme ukirudi baada ya saa kadhaa, kinatapika yote hayo ndani ya tangi. Kifungue kwanza, mwaga maji yake, suuza sufi kwa maji ya tangi, ndipo ukiwashe. Msiokuwa nyumbani SNEL, shirika la umeme, inaporudisha umeme, bora msitumie kichujio cha aina hiyo.

Ukiwa na pesa kidogo ya akiba, tumia kwa pampu ya mzunguko, si taa. Pampu ya wati 10 kwenye betri ya volti 12 yenye saa-ampia 100, ukitumia nusu tu ya betri ili isife mapema, inaweza kwenda zaidi ya saa 40. Hita ndiyo inayomaliza betri. Usiku wa Juni na Julai joto la nje hushuka chini ya digrii 10, hivyo zungushia tangi blanketi na uache juu wazi kidogo kwa hewa. Umeme ukiwa haupo, usilishe. Samaki mzima mwenye afya anakaa siku mbili tatu bila chakula, na hicho ndicho chujio kizuri kuliko vyote ulivyonavyo siku hiyo. Weka pia kinga ya volti: volti inayopanda na kushuka huunguza pampu za skima, kifaa kinachotoa uchafu majini kwa povu.

Nimesikia vodka au siki hushusha nitrati. Ni kweli?

Ni kweli. Kaboni iliyomo hulisha bakteria, bakteria wanapokua huchukua nitrati na fosfati, na skima huwatoa nje pamoja na povu. Watu huanza na vodka ya 40% kwa kiasi cha 0.1 ml kwa lita 100 kwa siku, au siki nyeupe ya 5% mara nane ya hapo, na kuongeza taratibu kwa wiki huku wakipima.

Mimi siishauri kwa tangi lisilo na umeme wa akiba. Bakteria wengi maana yake oksijeni kidogo, na umeshasoma hapo juu tunaanza na kiasi gani. Bila skima inayofanya kazi saa zote, usianze kabisa. Na tafadhali, lutuku, pombe kali ya kienyeji, isiingie tangini. Nguvu yake haijulikani, na imepita kwenye mapipa na mabomba ya metali.

Nibadilishe maji kiasi gani?

Kwa kawaida 10% kwa wiki inatosha tangi lenye ulishaji wa kiasi. Kama nitrati imefika 80 na unabadilisha 20%, itashuka hadi 64, kisha 51, 41, 33. Unaona inavyochosha, na kila hatua ni bidoni mbili za chumvi kwa tangi la lita 200. Usijaribu kufanya yote siku moja: samaki waliozoea maji mazee hushtuka. Maji mapya yachanganywe siku moja kabla, yawe na joto na chumvi sawa na ya tangi.

Mwani wa Chaetomorpha chini ya taa ndogo, kwenye chumba cha pembeni cha tangi, hupunguza safari za bidoni. Unakua kwa kula nitrati na fosfati. Unavuna konzi kadhaa na kutupa. Kwa hali yetu ninaupenda kuliko dawa yoyote.

Naweza kuwalisha ndakala?

Si kama chakula cha kila siku. Ndakala waliokaushwa ni samaki wadogo wa maziwa ya maji yasiyo na chumvi, mafuta yao hayafanani na ya samaki wa baharini, na wakisagwa huacha unga unaozagaa hadi nyuma ya mawe. Kama umeishiwa, kipande kidogo kilicholowekwa na kuoshwa chumvi, kwa siku moja tu, hakitaua mtu.

Vumbi jekundu la kiangazi linaharibu maji?

Kidogo. Lina chuma na silika, na silika hulisha diatomu, ule unga wa kahawia kwenye kioo. Funika tangi kwa wavu laini, usifunge hewa, na safisha feni.

Maji ya chumvi ninayotoa niyamwage wapi?

Kwenye mfereji wa maji machafu wa nyumba. Yasifike kwenye bustani ya mchicha wala chini ya mwembe, chumvi itaukausha. Yakiwa bado safi kiasi, oshea kwanza sufi na pampu zako humo, maana maji ya robine yenye klorini huua bakteria uliowalea kwa wiki sita.